Mwalimu, Nikunong'oneze

Wanaosema mtoto wa dada yangu aliibuka tu kama uyoga hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwepo alipozaliwa, nilikuwepo walipoanza kumwita Samaki, na nilikuwepo kwenye chumba cha baraza siku alipotumaliza. Kwa hiyo nyinyi mnaorushiana nyimbo zake kwenye simu, na wale watangazaji waliomhoji mbele ya maua ya plastiki, kaeni kidogo. Leo zamu yangu.

Tuanze bandani, maana yote yalianzia huko.

Banda la kufumia magunia lina kelele ambayo ukimweleza mtu wa nje anadhani unatia chumvi. Mitambo imepangwa safu kwa safu, na kila mmoja una kidude cha mbao kinachobeba uzi. Kinarushwa kushoto, kinapigwa, kinarudishwa kulia, kinapigwa, kutwa nzima. Ukiingia mara ya kwanza, kelele unaihisi kwenye meno kabla hujaisikia. Aliye ubavuni pako huwezi kumwita. Utaumiza koo bure. Ndiyo maana wanawake wa banda, tangu kabla yangu na kabla ya dada, walizoea kusema bila sauti. Tunakuita kusema kwa mdomo mtupu. Unapanua midomo, unapandisha nyusi, unakunja pua, kila neno unalichonga usoni ili mwenzako wa safu ya tatu aliokote. Tulisengenyana hivyo. Tulipeana pole za misiba hivyo. Tulimtukana nyapara hivyo, naye amesimama katikati yetu na mikono nyuma, anatabasamu.

Na tulikuwa na adabu zetu. Kila mmoja alivaa kitambaa shingoni, cha kuziba pua na mdomo kwa sababu ya vumbi la nyuzi. Ukitaka kusema, unakishusha. Ukikipandisha wakati mwenzako bado anasema nawe, umemfungia mlango usoni. Nimeona wanawake waliolelewa pamoja wakikosana hadi kwenye harusi za watoto wao kwa sababu ya kitambaa kilichopandishwa mapema. Hilo likumbukeni.

Masikio hayafi siku moja. Kwanza unapolala unasikia nyenje kichwani, na chumbani hamna nyenje. Kisha watoto wanaanza kukukasirikia bila sababu. Kisha siku moja unatoka nje unakuta matope, unashangaa mvua ilinyesha saa ngapi, na bati lilikuwa juu ya kichwa chako. Dada yangu alikuwa wa kwanza kati yetu kutoisikia mvua. Mtambo wake ulikuwa ukutani, mahali ambapo kelele inagonga na kukurudia. Viziba masikio tulivionja siku wakaguzi walipokuja. Tuligawiwa asubuhi, vya manjano, laini, vipya. Jioni wakaguzi walipokwisha kuondoka, nyapara akapita na ndoo akavikusanya vyote. Hakuna hata kimoja kilichopotea. Kwa mambo ya namna hiyo kiwanda kile kilikuwa makini sana.

Sasa mweke mtoto ndani ya nyumba ya mwanamke kama huyo.

Baba yake alikuwa dereva wa malori, akapata safari isiyo na marejeo. Mtoto akalelewa na uso wa mama yake. Dada alikuwa akitoka zamu anasahau kuwasha sauti. Akifika nyumbani anaendelea na mdomo mtupu, na mtoto akajua kwamba kusema ndiko huko. Alipojifunza kutembea alikuwa akimwendea mama yake, anamshika kidevu kwa mikono miwili, anamgeuza, kisha ndiyo anasema, mdomo wazi kabisa, sauti hakuna. Mimi niliona ni kitu kizuri. Nakiri mpaka leo sijaona watu wawili wakitazamana kama wale.

Lakini shuleni kidevu cha mtu hakishikwi. Alimshika mmoja akala kofi, akamshika wa pili akatupwa chini. Akiitwa na mwalimu anasimama, nyusi zinapanda, midomo inapanuka na kufumba, na darasa linasubiri sauti ambayo haiji. Ndipo wakamwita Samaki. Walikuwa wakimzunguka wakati wa mapumziko, wote midomo wazi, wote kimya, wakipunga mikono pembeni kama mapezi. Na sauti alipoitoa, aliitoa kubwa mno, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuitolea sauti, na huyo hakusikia ndogo.

Kisha ikaja siku ya mwalimu. Mtoto alikuwa amechapwa kwa kusinzia darasani. Dada akaniambia nimsindikize akamweleze mwalimu sababu. Sababu ilikuwa ndogo, ya nyumbani, mtoto alikuwa bado analowesha kitanda, na kwa aibu alikuwa akiamka kufua shuka mwenyewe kabla ya watu kuamka. Tukaingia. Watoto wakasimama, wakakaa. Dada, kwa heshima zake zote, akamwinamia mwalimu sikioni, akaweka kiganja pembeni ya mdomo, akamwambia:

"Mwalimu, nikunong'oneze."

Kisha akanong'ona. Alinong'ona kwa sauti ya kupita juu ya mitambo. Alimaliza jambo lote, shuka, ndoo, sabuni, mkojo. Darasa la pili lilisikia, na watoto wa darasa la tatu wakatoka nje kuchungulia. Walicheka hadi wengine wakalala juu ya madawati. Mwalimu naye alijikaza, akashindwa, akageukia ubao. Dada akaona mabega ya mwalimu yakitikisika akadhani analia kwa huruma. Akampigapiga mgongoni. Mimi nilimtazama mtoto. Alikuwa amekaa wima, midomo imebana kama mtu anayezuia maji.

Shule hakuimaliza. Aliacha akiwa bado na kaptula, akaenda kukaa kwa fundi redio.

Fundi redio alikuwa na kibanda cha mbao chenye harufu ya risasi ya kuchomelea, spika zimepangwa mpaka darini, matumbo yote nje. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hilo ndilo alilolitaka mtoto wangu. Kulikuwa na kinanda kidogo cha umeme ambacho mteja mmoja alikileta kutengenezwa akakitelekeza, meno kadhaa yamekufa. Kazi ya kijana ilikuwa kujaribu spika zilizopona, na alizijaribu kwa kinanda hicho. Mdundo aliokuwa akipiga ulinishtua siku nilipopita: kushoto, kipigo, kulia, kipigo. Ulikuwa mtambo wa mama yake. Hajawahi kukanyaga bandani, lakini dada alikuwa na mazoea ya kuugonga mdundo ule kwa vidole kwenye chochote, meza, sufuria, mgongo wa mtoto akimbembeleza.

Juu ya mdundo huo akaanza kuimba kuhusu wateja. Mzee aliyeleta redio imejaa mende na kuapa kwamba mende hao ni wa kibandani. Bibi harusi aliyetaka spika itoe sauti isiyofika kwa majirani anaodaiwa nao. Fundi alikuwa akitabasamu, basi. Kisha siku moja, kazi hamna, mvua nje, kijana akajifunga kitambaa shingoni, akaweka kiganja pembeni ya mdomo, akasema polepole, "Mwalimu, nikunong'oneze," akagonga kinanda, akapiga kelele siri ya mtoto anayelowesha kitanda. Kisha kiitikio. Humo yule mwanamke anaona nyumba inaungua, anataka kupiga yowe, na sasa ndiyo sauti inakataa. Mdomo unapanuka, macho yanatoka, kimya kabisa, kinanda peke yake kinaenda. Fundi redio alicheka mpaka akaegemeza chuma cha moto juu ya kitabu chake cha risiti. Akamwambia rudia. Akatoa simu, akamrekodi.

Mengine mnayajua kuliko mimi. Ile ya kibandani ilizunguka, ikaja ya pili, ikaja ya tatu, mwanamke yule akapewa jina, Bi Siri, akanunuliwa mkoba na miwani. Wafanyakazi wa benki walijirekodi wakiwa Bi Siri. Mabwana harusi walikuwa Bi Siri. Niliona mbunge, mtu mzima na tai yake, amepanua mdomo kama chewa. Kampuni ya sabuni ikamweka kwenye mabango. Naye jina la kutukanwa akalifanya la jukwaani: Samaki. Watoto waliokuwa wakimzunguka uwanjani wakaanza kuandika kwamba walikuwa rafiki zake tangu utotoni. Ninawakumbuka kwa sura, mmoja mmoja.

Akahojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza Bi Siri alitoka wapi. Akajibu kwamba alimjia tu siku moja akiwa anaoga.

Nilimfuata. Nikamwambia usoni kwamba anamuuza mama yake. Hakukasirika; hajui kukasirika, mtoto yule, uso wake haukufundishwa hilo.

"Mama mdogo," akasema, "walikuwa wanamcheka bure. Sasa angalau wanakata tiketi."

Alikuwa amemnunulia mama yake simu yenye kioo kikubwa. Dada, wakati huo haisikii hata ngurumo, alikuwa akikaa kwenye mkeka anamtazama mwanawe ndani ya kioo, bila sauti, na kutabasamu. Kijana alikuwa amemwambia kwamba huyo mwanamke ni jirani mmoja kichaa wa mtaa anaoishi. Nilipomuuliza dada anaonaje, alinijibu kwa mdomo mtupu kwamba mtoto amenenepa kidogo, ashukuriwe Mungu.

Sasa kesi.

Tulikuwa wanawake wa kutosha kujaza basi, wote wa banda, wote masikio yamekwisha au yanakwisha. Tulichokuwa tunataka ni jambo moja, na nilihakikisha limeandikwa juu kabisa: kiwanda kitamke kwamba banda lile ndilo lililotuziba masikio, na kilazimishwe kuwapa viziba masikio wasichana waliopo ndani sasa. Maana walikuwa wameajiri wapya, wabichi, wengine wametoka shule juzi. Nilikuwa nikiwaona getini jioni. Nilijua sauti zao zilikuwaje walipoingia, na nilisikia zilivyokuwa zinapanda.

Daktari wa kiwanda aliliambia baraza la kazi, lililokuwa likisikiliza madai yetu, kwamba wanawake huzeeka. Wakili wa kiwanda akasema kitu kibaya zaidi, na alikisema kwa upole. Alisema, waheshimiwa, tunawaona akina mama hawa wanavyozungumza, nyuso zile, midomo ile, na sote tunajua zimetoka wapi. Nani hana simu? Akatabasamu. Mwenyekiti wa baraza akainamisha kichwa kuficha meno yake, lakini mimi niliyaona. Yaani walisema tunaigiza. Sisi, tuliokuwa tunasema vile kabla yule mtoto hajawa na meno, tunamuigiza yeye.

Mwenyekiti akasema anahitaji shahidi asiyedai chochote, aliyeishi nyumba moja na mmoja wetu na kuona masikio yakifa. Waume na watoto wetu wengi walikula kwa kiwanda kile; hakuna ambaye angefungua mdomo. Alikuwepo mmoja tu ambaye kiwanda hakikuweza kumgusa, na nchi nzima ilimjua.

Nilimkuta kwenye chumba chake cha kurekodia. Kuta zimepigwa sponji nyeusi mpaka juu, na mlango ukifungwa unahisi kama umetumbukizwa kwenye pipa la unga. Akasema hapo ndipo pekee anapotulia. Alikuwa mwembamba, macho ya mtu asiyelala. Huyo aliyenenepa kwenye simu alikuwa ni mapambo na taa. Nikamweleza yote. Nikamwambia hatuhitaji wimbo, hatuhitaji hotuba, aseme tu Bi Siri ni nani.

Alibana kipande cha sponji ukutani, akakiachia. Kisha akasema, "Nikisema ni mama, mama mdogo, hawatacheka tena."

"Ndiyo ninachotaka."

"Wewe unataka. Mimi wakiacha kucheka nabaki na nini? Nabaki na ule uwanja."

Nikamwambia kuna wasichana ndani ya banda saa hii hii, mmoja wao kwa umri angeweza kuwa dada yake mdogo. Nikamwambia mama yake anakohoa na hasikii kikohozi chake mwenyewe. Nikamwambia mengi, na sijutii hata moja. Mwishowe alinitazama, nyusi zikapanda, midomo ikafunguka, na ndani ya kile chumba kisicho na mwangwi akasema bila sauti: nitakuja.

Akaja. Hilo nalo niliseme, maana wapo wanaosema alikimbia. Alikuja na shati jeupe la kawaida, hana miwani, hana mkoba. Korido ilijaa. Karani wa baraza, ambaye kwa miezi yote alikuwa akitupokea kama tumekuja kuomba maji, aliomba kupiga naye picha. Dada alikaa mstari wa mbele karibu nami, kitambaa shingoni, amevaa viatu vyake vya kutokea. Alikuwa hajamwona mwanawe ana kwa ana kwa muda mrefu. Alitengeneza nywele kwa kiganja.

Akaapishwa. Akaulizwa kazi yake, akasema, "Msanii," na nyuma mtu akacheka. Hakuwa amesema kitu cha kuchekesha. Ndipo nilipoanza kuogopa.

Akaanza kusimulia. Alisema mama yake alifanya kazi banda la kufumia tangu kabla yeye hajazaliwa. Alisema hajawahi kumwita mama yake akageuka. Mambo ya kuvunja moyo, na aliyasema kwa ukweli, na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu mtoto yule akisema ukweli, akiwa na hofu, uso wake unarudi kwenye lugha yake ya kwanza. Midomo ilipanuka. Nyusi zilipanda. Kila alivyozidi kuumia ndivyo alivyozidi kuwa Bi Siri. Na chumba kikaanza kuchemka, taratibu, pembeni huku, pembeni kule, watu wanajiziba midomo, wanaomba radhi kwa macho, wanashindwa. Simu zikapanda juu.

Wakili wa kiwanda akasimama. Akamuuliza kama ni kweli alisema redioni kwamba Bi Siri alimjia bafuni.

"Nilidanganya."

Kicheko.

"Basi ulidanganya siku ile. Leo je, tukuamini, au na leo unatuchekesha?"

"Siwachekeshi. Ni mama yangu. Amekaa pale."

Akanyoosha mkono kumwonyesha, na watu walianguka. Niliona mtu mzima anajipangusa machozi kwa tai. Wakili akaomba ruhusa kuonyesha ushahidi, akaruhusiwa, na kwenye kioo kikubwa ukutani ukaanza ule wimbo wa kwanza kabisa, wa kibandani, spika nyuma, mvua nje. Mwalimu, nikunong'oneze. Mwenyekiti alikuwa amefunika uso kwa karatasi. Mmoja wetu, wa banda, mwenye kesi, alicheka. Sitamtaja. Anajijua.

Dada alitazama kioo. Alitazama kiganja pembeni ya mdomo, kitambaa, nyusi zake mwenyewe, kubwa kuliko mlango. Kisha akageuka taratibu akatazama chumba, nyuso zote zile zimefunuka meno, bila sauti hata moja. Kijana alikuwa amesimama ameshika ukingo wa kizimba, midomo imebana, na niliujua ule mbano. Ulikuwa wa darasa la pili.

Akamwambia mama yake, kwa mdomo mtupu, hakuna aliyeokota isipokuwa sisi wa banda: mama, si wewe.

Dada akashusha kidevu, akafungua midomo, akamjibu vivyo hivyo, wazi kabisa, kama aliye safu ya tatu:

"Mimi kiziwi, mwanangu, si kipofu. Nilijiona tangu siku ya kwanza."

Kijana akatikisa kichwa. Macho yalikuwa yamejaa. Na watu, walipoona wawili wanapanuliana midomo kimya, mama na mwana, uso na uso, walipiga makofi. Walidhani ni mchezo umeandaliwa.

Dada akasema tena: "Usiwalilie hawa. Imba."

Nilimshika mkono. Nikamwambia, kwa uso wangu wote, kwamba akiimba tumekwisha. Aliona. Akautoa mkono wangu kama anavyotoa uzi uliokatika kwenye mtambo, akamtazama mwanawe, na kwa vidole akaanza kugonga benchi. Kushoto, kipigo, kulia, kipigo.

Kijana akaimba. Aliimba wimbo wote akiwa kizimbani, ameapishwa, mkono mmoja juu ya ukingo kama kinanda. Sijawahi kumwona akiuimba vizuri namna ile, na ninasema hivyo nikiwa nimeuchukia mpaka kwenye mifupa. Mgongo ulinyooka. Uso ukawa tena wa kwake wa kuutumia apendavyo. Mwenyekiti aligonga meza kutaka utulivu, na aliigonga kwa mdundo. Walipomaliza kucheka kijana aliinama, akashuka, akapita katikati ya mikono iliyomnyooshea simu, akatoka.

Uamuzi ulisomwa baadaye, mfupi. Shahidi hakuweza kutegemewa. Madai hayakuthibitishwa. Kiwanda kilishauriwa, nasema kilishauriwa, kuendelea kujali afya ya wafanyakazi wake. Ile ya kizimbani ilitazamwa kuliko zote alizowahi kutoa. Waliandika kwamba ni mchezo wake bora, na wakamsifu yule mama mzee aliyekaa mbele kwamba ni mwigizaji wa kuzaliwa.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile ile nilimfuata dada kwenye ngazi za nje. Nilikuwa nimewaka. Nikamsimamisha mbele yangu, nikashusha sauti kwa sababu hana haja nayo, nikamwambia kwa mdomo mtupu. Nikamwambia ameuza masikio ya wanawake wote kwa wimbo mmoja. Nikamwambia kuna wasichana ndani. Nikamuuliza kama alijua tangu mwanzo, kwa nini hakumkataza. Kwa nini alikaa kwenye mkeka akijitazama anavyodharauliwa na kutabasamu.

Aliniacha niseme. Kisha akasema, "Siku ile shuleni nilidhani mwalimu analia. Nilikuja kujua nilipouona wimbo. Ndiyo kwanza nikaelewa nilimfanya nini mtoto."

Nikaanza kumwambia kwamba hilo halikuwa kosa lake, lilikuwa kosa la banda, na hiyo ndiyo kesi yenyewe, dada, hiyo ndiyo kesi.

"Na wewe," akasema, "umemleta mwanangu achekwe tena."

Nilikuwa bado nasema. Nilikuwa katikati ya neno, midomo wazi, hapo kwenye ngazi, watu wanapita. Akashika kitambaa shingoni kwa vidole viwili, akakipandisha juu ya mdomo, juu ya pua, akakikaza nyuma. Akashuka ngazi.

Hajakishusha mbele yangu mpaka leo. Naenda, nampelekea unga, napanga vyombo, naondoka. Mwanawe akija, najua anakishusha, kwa sababu nimewaona dirishani, amemshika kidevu kwa mikono miwili, mtu mzima yule, nyota. Nikiingia, kitambaa kinapanda. Ningemleta tena barazani kesho. Hilo dada analijua, ndiyo maana.

Kiwanda kinafuma kama kawaida. Jioni nasimama getini na karatasi zangu za kuwatahadharisha juu ya masikio, nawagawia wasichana wanaotoka zamu, wengine wanazifungia karanga. Wiki hii alinijia mmoja, mdogo, vumbi la nyuzi kwenye kope. Alitazama kushoto na kulia asionekane na nyapara. Akanisogelea mpaka shavu likagusana na langu, akaweka kiganja pembeni ya mdomo.

Akaniambia masikio yake yanalia nyenje usiku kucha, na anaogopa, na tafadhali nisimwambie mtu.

Mlinzi wa geti alisikia. Wauza matunda ng'ambo ya barabara walisikia. Wenzake waliokuwa wanatoka nyuma yake wakapasuka kicheko, wakapanua midomo, wakapiga makofi, mmoja akaanza kuimba kiitikio.

Yeye akageuka akawatazama, hajui kilichotokea. Alipoona wote wanacheka, naye akacheka.